Mkono Uliokoroga Uji

Uvira, 9 Mei 1964

Nimeshuka leo kutoka Bukavu ndani ya lori la pamba lililorudi tupu. Mhariri amenituma kuandika juu ya chakula cha mabaharia wa ziwa hili, uji wao na michuzi ya pwani, kwa sababu anasema wasomaji wamechoka na habari za serikali zinazoanguka. Tangu uhuru sijaandika kingine. Sikumkatalia.

Nimepata chumba Kalundu, karibu na bandari. Mvua ya mwisho wa msimu inanyesha kidogo kidogo, kama mtu anayeaga bila haraka.

10 Mei

Kila mtu niliyemwuliza kuhusu uji wa mashua alinielekeza kwa Papa Placide. Ni mpishi wa mashua za mizigo zinazokwenda Baraka na Albertville, mtu mrefu, mwembamba, anayesema kwa sauti ya chini kama yumo kanisani. Alinionyesha kazi yake bila kuombwa mara mbili.

Ndagala kavu, dagaa wa ziwa hili, hukaangwa kwanza ndani ya sufuria isiyo na kitu, mpaka zianze kunukia, kisha hutwangwa pamoja na pilipili. Mawese huchemshwa peke yake mpaka harufu yake mbichi iishe. Ndipo maji ya ziwa, kisha unga wa muhogo uliochanganywa na wa mahindi, unaonyunyizwa kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukikoroga. Lazima uwe mzito kuliko uji wa nyumbani na mwepesi kuliko bugali, ili mashua ikiyumba usimwagike, na baharia aweze kuunywa huku ameshika kamba. Ndani ya mashua moto huwashwa juu ya sanduku la mchanga.

Kuna sharti moja, na alilitaja kabla ya chumvi: sufuria ya mashua haiguswi na mkono wa mwanamke. Mwanamke hapandi mashua ya kazi, na mkono wake usipande kwa njia ya chakula.

Mke wake, Mama Honorine, alikuwa amekaa hatua chache kutoka pale, akitwanga zile ndagala. Alicheka peke yake. Placide alijifanya hakusikia. Niliona ni mwanamke mchokozi.

11 Mei

Mchuzi wa mikeke, samaki wa ziwa hili waliokaushwa kwa moshi, na nyanya, mawese na ngogwe, nyanya chungu za huku. Mzuri. Nimeandika ukurasa mmoja na nusu.

13 Mei

Leo Placide ana homa. Mashua ya saa nne ilikuwa imeshapakiwa. Honorine aliingia ndani ya kibanda cha kukaushia samaki, akafunga mkeka wa mlangoni, akatoka moshi umempanda machoni na sufuria imejaa uji. Mabaharia walikula, wakasukuma mashua majini, wakaenda. Hakuna aliyeuliza.

Nilimwuliza kuhusu lile sharti. Akasema mume wake ni mpishi wa majini. Nchi kavu homa ikimkamata, nani atapika? Au mashua isubiri apone? Wanaume wote wa Kalundu wanajua, akasema, na wote wanajua kutojua.

Kwa ulimi wangu uji ni uleule. Pengine wake una pilipili kidogo zaidi.

16 Mei

Mji umechukuliwa na waasi. Wanajeshi wa serikali waliondoka jana, wengine kwa malori, wengine kwa miguu kuelekea Kavimvira, ambako walivuka mpaka kuingia Burundi. Mapigano yalikuwa machache. Nimeona maiti wanne kati ya posta na soko, na watatu kati yao hawakuwa na silaha wala sare.

Wapiganaji wanajiita Simba. Wengi ni vijana, wamefunga majani kichwani, na wana mikuki mingi kuliko bunduki. Wamepakwa dawa, na wanaamini kwamba risasi ikiwafikia itageuka maji. Barabara ya Bukavu imefungwa. Makala yangu juu ya mikeke haitakwenda popote.

17 Mei

Niko hapa. Nitaandika kila ninachokiona.

21 Mei

Dawa ya Simba ina masharti. Asiyeyafuata anauawa na risasi kama mtu mwingine yeyote, na wenzake pia wanaweza kufa kwa ajili yake. Haramu kuiba, haramu kuangalia nyuma vitani, haramu kugusa mwanamke, haramu kula kilichopikwa na mwanamke.

Hili la mwisho limewatia shida. Wana mamia ya vijana, na katika mji mzima wanaume wanaojua kupikia watu wengi wanahesabika. Wapishi wa Wazungu wamekimbia pamoja na Wazungu. Ndipo mtu akawaambia kuhusu Kalundu: kule kuna sufuria ambayo kwa desturi ya ziwa mwanamke haigusi.

Basile alikuja leo asubuhi. Ndiye msimamizi wa chakula cha kambi, kijana wa miwani, zamani mwalimu wa shule ya msingi. Alizungumza na Placide kwa heshima, akamwita papa, akamwambia kwamba mapinduzi yanamhitaji. Placide akajibu kwamba yeye anapikia mashua. Basile akasema hakuna mashua tena mpaka itakapoamriwa. Wakaleta mapipa yaliyokatwa nusu kuwa sufuria.

24 Mei

Komanda wa sehemu hii anaitwa Norbert. Alikuwa karani wa kampuni ya pamba bondeni. Aliniita ofisini, akanitaka niandike taarifa zake. Nilimwambia ninaandika kwa gazeti langu tu. Hakukasirika. Alisema gazeti langu halifiki hapa, kwa hiyo kwa sasa siandiki kwa mtu yeyote, na hilo halimdhuru. Anafikiri kabla ya kusema, na anamaliza sentensi zake. Nimekutana na mawaziri ambao hawawezi hivyo.

4 Juni

Homa ya Placide imerudi, na safari hii ni kali. Anatetemeka, hawezi kusimama. Kambi imeletewa magunia ya muhogo kutoka Runingu na vijana wanasubiri.

Honorine amefanya alichofanya siku ile. Mapipa yamewekwa ndani ya kibanda cha samaki, mkeka umefungwa, amri imetolewa kwamba hakuna anayeingia, kwa ajili ya usafi wa dawa. Yeye anapika ndani. Wakati wa kugawa, Placide ananyanyuliwa, anavaa kofia yake, anatoka na upawa, anakaa kwenye kigoda na kugawa. Mabaharia waliobaki bila kazi wanabeba kuni na maji. Wanajua. Wamezoea.

Nilimwambia Honorine kwamba hawa si mabaharia. Akanijibu:

"Watoto hawa, ukiwaangalia, bote bako na njaa. Niache nipike. Au weye utakoroga, muandishi?"

5 Juni

Upepo wa kusini umeanza. Ziwa limekuwa la kijivu.

11 Juni

Honorine anapika.

22 Juni

Habari imefika kwamba Albertville imeanguka. Kikosi kilichotoka hapa kwa mashua kilikuwamo. Waliobaki wamecheza barabarani tangu asubuhi. Basile alikuja kibandani, akasimama nje ya mkeka, akatoa hotuba fupi kumsifu Papa Placide. Alisema uji huu umekwenda vitani na kurudi, na mikono iliyoukoroga ni mikono misafi ya mwanaume wa ziwa. Placide alikaa kwenye kigoda akiangalia chini. Ndani ya kibanda mtu alikuwa anakohoa moshi.

Baadaye Honorine aliniuliza kama niliandika maneno ya Basile. Nikasema ndiyo. Akaomba nimsomee. Nikamsomea. Akanitaka nirudie pale pa mikono misafi, akacheka mpaka akashika ubavu, na Placide, kwa mara ya kwanza nikimwona, akacheka naye.

30 Juni

Leo ni sikukuu ya uhuru. Hotuba tatu. Maharage kwa mawese.

8 Julai

Nilikula kwa Norbert. Uji uleule, kwenye sahani ya Mzungu. Nilimwuliza kama anaamini dawa. Alisema kijana mwenye mkuki akikimbilia bunduki ya mashine, lazima kuwe na kitu kinachomkimbiza. Yeye hana bunduki za kuwapa. Hiki ndicho alichonacho. Kwa hiyo analinda dawa kama komanda mwingine anavyolinda ghala la risasi.

Nilimwona mtu wa akili. Nilitoka kwake nikiwa nimetulia, na hilo ninaliandika kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

15 Julai

Ng'ombe wameshushwa kutoka milimani juu, wamechukuliwa kwa wafugaji bila malipo. Mzee mmoja, Harerimana, aliwafuata ng'ombe wake mpaka mjini akiwaita kwa majina. Amerudi peke yake. Nyama ilichemshwa bila kitunguu. Ilikuwa ngumu.

16 Julai

Nyama tena.

21 Julai

Mawese yamekwisha sokoni. Sombe, majani ya muhogo, inapikwa kwa maji na chumvi tu. Muhogo unaletwa ukiwa haujakaa majini vya kutosha, na Honorine analalamika kwamba watawaua vijana kwa uchungu wa mizizi kabla ya vita kuwaua. Analowesha upya na kukausha juu ya mabati. Hakuna aliyemwagiza.

Nilikosea kumwita mchokozi. Ni mtu asiyekubali kuambiwa kwamba kitu kiko sawa wakati hakiko sawa.

3 Agosti

Placide amepona. Amekonda, lakini anasimama. Leo wamegombana. Yeye anataka kuchukua sufuria mwenyewe, anasema mchezo huu umechukua muda mrefu. Honorine anasema amwache wiki nyingine, apate nguvu. Placide akasema mabaharia wanajua kutojua, ila hawa hawajui. Hapo Honorine akampa mwiko.

Kuanzia leo anapika Placide. Honorine amerudi kwenye kinu.

4 Agosti

Pilipili imepungua. Vijana hawakulalamika.

13 Agosti

Wapiganaji wameondoka kwenda kuuchukua mji wa Bukavu. Placide aliwapikia asubuhi, mapipa yote, uji wa ndagala za mwisho tulizonazo. Nilikuwepo tangu moto ulipowashwa. Alipika peke yake. Hata kutwanga alitwanga mwenyewe, kwa kuwa aliogopa safari hii. Honorine alikuwa Mulongwe kwa shughuli zake.

Walikwenda wakiimba. Moshi wa nyika zinazoungua umefunika mlima wote nyuma yetu.

19 Agosti

Hakuna habari.

20 Agosti

Hakuna habari.

25 Agosti

Wanarudi. Wengi hawapo. Wanasema waliingia Bukavu, wakapigwa na bunduki za mashine na ndege. Risasi hazikugeuka maji. Hawaimbi. Wanakaa kando ya barabara na majani yamenyauka vichwani mwao.

Tayari wanauliza nani amevunja masharti.

26 Agosti

Mtu wa dawa, mganga anayewapaka Simba, amesema ni mkono wa mwanamke, umeingia kwenye chakula. Kijana mmoja akakumbuka kwamba siku moja, mwezi wa saba, alipita nyuma ya kibanda cha samaki akamwona mke wa mpishi ana unga mpaka kwenye viwiko. Basile alikuja na watu wanne wenye bunduki. Placide amefungwa. Hakuitwa papa.

27 Agosti

Naandika kwa utaratibu ilivyokuwa.

Walikusanya watu uwanjani mbele ya ghala la bandari. Norbert alikaa mezani, Basile kando yake. Mtu wa dawa alisimama nyuma yao. Wapiganaji waliorudi kutoka Bukavu walikaa chini, mbele. Placide aliletwa amefungwa mikono. Kwa kosa hili adhabu ni moja, na kila mtu pale aliijua.

Norbert alimwuliza nani alipika uji wa asubuhi ya safari ya Bukavu. Placide akajibu kwamba ni yeye. Norbert akauliza kuhusu miezi ya nyuma. Kabla Placide hajafungua kinywa, Honorine alikuwa amesimama katikati ya watu. Hakuna aliyemwita.

"Ya nyuma ni minye," alisema, akijigusa kifua. "Alikuwa na homa. Mwezi wa sita mpaka mwezi wa nane, nilikoroga minye. Mulikula, mukaenda, mukashinda. Mulifika mpaka Albertville na uji wangu mu tumbo. Ya Bukavu ndiyo alipika yeye, mwanaume, kwa mikono ya mwanaume. Basi kosa haiko mu sufuria, komanda. Haiko ya kwangu, haiko ya kwake. Mumuachilie."

Ilikuwa hoja isiyo na tundu. Niliona vijana wakiipokea, mmoja baada ya mwingine. Mmoja aliyefungwa kitambaa begani aliinamisha kichwa kama anayehesabu miezi. Hakuna aliyepiga kelele. Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kelele, na Norbert alikisikia kama mimi nilivyokisikia.

Placide hakukisikia. Alichosikia ni mke wake akijitaja mwenyewe kwa kosa ambalo adhabu yake ni kifo.

"Anadanganya," akasema kwa nguvu, yeye asiyepaza sauti. "Huyu mwanamke hajui hata kukoroga. Ni minye nilipika yote. Tangu siku ya kwanza. Yeye anapenda tu kujisifu."

Honorine alimgeukia. Alisema, "Placide," basi.

Norbert aliniangalia. Alijua kwamba ninakula kwenye kibanda kile kila siku. Hakuniuliza, na mimi sikusema. Kisha alitoa hukumu, akamaliza sentensi zake zote. Mpishi amesema kweli, sufuria ilikuwa safi tangu mwanzo mpaka mwisho, aachiliwe arudi kazini. Waliokufa Bukavu walikufa kwa sababu waliangalia nyuma. Mwanamke hakugusa chakula, kwa hiyo hatauawa. Lakini amesimama mbele ya wapiganaji akadanganya ili kuidharau dawa. Atapigwa kiboko.

Alipigwa palepale. Walimlaza juu ya milango ya ghala iliyong'olewa. Waliompiga walikuwa wanapokezana. Hakulia mwanzoni. Baadaye alilia, na baadaye tena hakulia. Placide alishikwa na watu wawili. Alikuwa anarudia kwamba walisema hatauawa.

28 Agosti

Nilikwenda kwa Norbert kuomba kibali cha kumbeba Honorine mpaka hospitali ya Lemera. Hapa mjini hakuna dawa wala mganga aliyebaki. Alikiandika mara moja na kukipiga muhuri.

Nikamwuliza kama aliamini kwamba Honorine alidanganya.

"Alisema kweli," akajibu. "Ndiyo sababu. Kama angekuwa anadanganya, ningemwacha aende nyumbani."

Alinipa kibali. Nilimwona mtu wa akili mwezi wa saba, na bado ni mtu wa akili. Sikujua kwamba hilo si jambo la kutuliza.

29 Agosti

Mabaharia wametengeneza tipoi, machela ya miti miwili na turubai la mashua. Mgongo wa Honorine umefura na una joto. Anakunywa maji tu.

31 Agosti, Runingu

Tumesimama hapa kwa dada ya Honorine, Pétronille. Hawezi kwenda mbele zaidi leo. Njia ya kupanda Lemera ni ya miguu, na kila hatua ya wabebaji inamtoa sauti. Bonde lote ni vumbi.

Pétronille alimpikia uji mwepesi wa mtama. Alimeza vijiko viwili, akasema umeungua chini. Pétronille akasema mgonjwa gani huyu anayesahihisha. Tulicheka, hata yeye kidogo.

Mchana alimwita Placide karibu. Nilitaka kutoka, akaniambia nibaki.

"Ungesema tu ni minye," akamwambia. "Ungenyamaza hata. Vijana bale balishaanza kuelewa."

Placide akasema alitaka wasimuue.

"Najua. Lakini sasa kila muntu mu Uvira anajua minye ni muongo na sijui kukoroga. Hiyo iliniuma mbele ya kiboko."

Placide aliweka paji la uso kwenye mti wa tipoi.

1 Septemba, Runingu

Honorine amekufa asubuhi. Tumemzika hapa, upande wa shamba la muhogo la dada yake. Katekista alisoma. Upepo ulikuwa mwingi, na nusu ya maneno hayakusikika.

Pétronille hakumpa Placide mkono.

4 Septemba

Tumerudi Kalundu. Basile alikuwa anangoja kibandani pamoja na magunia. Alitoa pole, akasema vijana hawajala vizuri tangu tuondoke. Alimwita papa tena.

5 Septemba

Placide anapika. Nilidhani angekataa. Sikumwuliza kwa nini hakukataa. Nilikula nje, kwa wauza ndizi.

12 Septemba

Anapika. Wanawake wa pwani wanapopita kibandani wanaacha kuzungumza mpaka wapite.

19 Septemba

Vijana wanatoroka kidogo kidogo. Wanajiosha ile dawa ziwani kabla ya kuondoka, ili isiwafuate.

27 Septemba

Mvua ya kwanza. Haikulowesha hata vumbi.

6 Oktoba

Wanajeshi wa serikali wanasemekana wako bondeni, na Wazungu wa kukodiwa pamoja nao. Norbert ameondoka kwa mashua kuelekea kusini. Basile alibaki nyuma akikusanya magunia, akatafuta nafasi ndani ya mashua, hakupata. Ametupa miwani yake ziwani. Sijui kwa nini alidhani hiyo ingesaidia.

8 Oktoba

Jeshi limeingia jana. Mji umechukuliwa mara ya pili mwaka huu. Nimeona maiti wengi kuliko mwezi wa tano. Basile yuko kati yao.

10 Oktoba

Wanatafuta waliowafanyia waasi kazi: madereva, makarani, wapishi. Mabaharia walikuja kwa Placide, nami nikiwepo, wakamshauri. Marehemu hawezi kupigwa tena, walisema. Aseme alipika mke wake. Si hata uongo. Placide aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea kusugua sufuria yake ndogo ya mashua kwa mchanga.

Walimchukua mchana.

12 Oktoba

Niliitwa kama shahidi, kwa kuwa nina kadi ya gazeti na afisa alipenda kuwa na mtu wa gazeti mezani. Walikaa mbele ya lile ghala la bandari, meza ileile. Afisa alikuwa luteni kutoka mbali, amechoka, ana watu wengi wa kuhukumu kabla ya jioni. Waliotangulia wawili walipelekwa nyuma ya ghala.

Alimwuliza Placide kama ndiye mpishi wa waasi.

"Hapana, luteni. Alipika mke wangu, Honorine. Alipikia watu wengi, kwa mapipa. Minye niligawa tu."

Luteni alicheka bila furaha. Alisema kila mwanaume leo amemtupia mtu mwingine mzigo, lakini huyu ni wa kwanza kumtupia mke. Akauliza yuko wapi huyo mke. Alipoambiwa amekufa, alinigeukia. Mimi ni mtu wa gazeti, akasema, nimekuwa hapa muda wote. Nani alikuwa anakoroga uji kibandani?

Nikasema: Honorine. Nilimwona kwa macho yangu mwezi wa sita na mwezi wa saba, ndani ya kibanda, mkeka umefungwa. Alikuwa anapika vizuri.

Luteni hakuuliza kuhusu mwezi wa nane, wala wa tisa. Alikuwa ameshapata mpishi, na mpishi huyo hakuhitaji risasi wala nafasi gerezani. Aliandika mstari mmoja. Alitaka tu kujua jambo moja zaidi: wanajeshi wake wanakula vibaya, na watu wanasema uji wa hapa ni maarufu. Je, mume hawezi kuwapikia?

"Sijui kupika, luteni," alisema Placide. Sauti yake ilikuwa ya chini kama zamani. "Mupishi alikuwa yeye. Uji wote wa Kalundu uliosikia, ni mkono wake. Minye hata kukoroga sijui."

Mabaharia waliokuwa wamesimama ukutani hawakutikisika. Luteni alimtazama mikono, yenye makovu ya moto mpaka kwenye viwiko, na nilidhani ameona. Akapiga muhuri. Akasema aondoke, aje mwingine.

Tulitoka pamoja. Mvua ilikuwa imeanza, ya kweli sasa, na watu walikuwa wanakimbilia chini ya paa la ghala. Placide hakukimbia. Alitembea mpaka ukingoni mwa maji, akasimama pale, shati limemganda mgongoni. Nilimfuata kwa kuwa sikujua pa kwenda kwingine.

"Umesikia, muandishi," akaniambia, bila kugeuka. "Leo bamemuamini."